Mtu wa Wiki Sita

4 Februari

Mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu zikukute mzima, wewe na wifi. Huku tupo, kwa maana kwamba hakuna aliyezikwa tangu barua yangu iliyopita. Mama mdogo bado yuko kwa mwanawe. Masikio yameziba kabisa, ukimwuliza ameamkaje anakujibu kwamba ameshakula. Mama Pacha, jirani wa chini, hajambo, wale pacha wameanza kutembea na hakuna sufuria lililobaki mahali pake.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Mimi na simu hatupatani. Nikikupigia unacheka, nami nacheka, tunaulizana hali, inakata, nabaki nimeshika kidude sikioni bila kujua nimesikia nini. Kwenye karatasi huwezi kunichekea.

Sasa la maana. Goti la kulia limenishinda. Lilianza kama mchezo mwaka juzi, nikalipaka dawa ya kuchua, nikalifunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Wewe unajua cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu ninaokanyagia ni huo huo, miaka thelathini na moja sasa. Msimu huu wa sare za shule nimeumaliza kwa kung'ata meno. Nikikaa linaganda, nikisimama linachoma, nikilala linapwita kama jino bovu. Ngazi za hapa ni ishirini na sita, sikuwahi kuzihesabu hapo awali. Siku hizi nashuka kinyumenyume nikishika ukuta. Nikisahau kununua chumvi, nakula bila chumvi.

Nimekwenda kwa daktari wa mifupa, nikapigwa eksirei. Akanionyesha kwenye mwanga: gegedu la ndani limelika, mfupa unasagana na mfupa. Akanipa njia nne. Vidonge, sindano ya gotini, mazoezi na kupungua mwili, au kupasuliwa nikawekewa goti la bandia. Akasema niende nyumbani nikafikirie, nishauriane na wangu.

Nimerudi nyumbani, nimekaa kitandani, nikatazama huku na huku nione nishauriane na nani. Ndiyo maana nakuandikia. Wewe umekula mkate wako kwa kupiga magoti juu ya vigae, unayajua magoti kuliko mimi. Nifanye nini?

Nisalimie wifi. Hajaniandikia siku nyingi, mwambie sijasahau.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Barua yako imenifika, na habari za mama mdogo zimenichekesha peke yangu mpaka mwenye duka wa hapa jirani, huyu anayenipokelea barua, akaniuliza nimepata nini. Mimi ni mzima. Kazi ipo nyingi. Tuko kwenye jengo la ghorofa sita, bafu kumi kila ghorofa, zote vigae kuanzia sakafuni hadi darini, na msimamizi mwenye jicho la mwewe, kigae kikipinda kiasi cha unywele anataka kibanduliwe.

Pole sana na goti. Kwanza nikwambie moja: usikimbilie kisu. Kisu hakikimbii, kitakungoja.

Anza na mazoezi. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele, ukaze paja, hesabu hadi kumi, shusha. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Utaona kama upuuzi wiki mbili za kwanza. Usiache. Vidonge meza baada ya kula chakula cha kushiba, si kipande cha mkate, maana siku ya nne au ya tano vitaanza kukuchoma hapa chini ya kifua. Vikichoma, acha siku hiyo hiyo na umwambie daktari. Usivizoee. Sindano inasaidia, lakini ni ya muda, usije ukadhani umepona ukaanza kubeba ndoo. Na tafuta bakora. Ishike kwa mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima. Watu wengi wanakosea hapo.

Kuhusu cherehani, funga mota. Najua utakasirika. Funga tu.

Usiwe na haraka, dada. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii mkuu ni mimi.

Mdogo wako


16 Aprili

Kitindamimba,

Ahsante kwa mashauri, daktari wangu wa vigae. Mimi nipo. Mama mdogo amemwota marehemu mama, anasema mama alikuwa amevaa viatu vipya na hakutaka kusema amevinunua wapi. Nimeona nikupe hiyo kabla sijaanza kulalamika.

Nimefanya yote. Mazoezi nafanya mbele ya dirisha, mara ishirini, na paja limekaza kweli, lakini goti halijui habari hiyo. Vidonge vilinichoma siku ya tano, kama ulivyosema, nikaviacha. Sindano nilidungwa mwezi uliopita. Wiki tatu nilikuwa kigori, nikashuka ngazi nikitazama mbele kama watu wengine, nikaenda sokoni siku mbili mfululizo bila haja ya kitu. Wiki ya nne likarudi na hasira za kufukuzwa. Mota nimefunga. Cherehani sasa inakimbia kuliko mimi, nimeshona vidole vyangu mara mbili. Bakora ninayo, naishika kwa mkono wa kushoto. Hakuna anayekosoa, hakuna anayesifu.

Daktari amesema gegedu likishafika hapo halirudi. Amesema nikitaka kutembea vizuri kwa miaka iliyobaki, ni goti la bandia, na nisingoje mpaka mguu upinde. Nimekubali moyoni. Siogopi kisu, mdogo wangu, mimi mkasi umekuwa mkononi maisha yangu yote.

Lakini wamenipa fomu. Ukurasa wa pili kuna mstari: jina la mtu atakayemwuguza mgonjwa nyumbani kwa wiki sita. Lazima awepo, alale nyumba moja nami, anikunjishe goti kila siku hata nikipiga kelele. Bila mtu huyo hawapangi siku. Nimejaza kurasa zote. Umri nimejaza, uzito nimejaza kwa aibu. Mstari huo upo mtupu, fomu iko juu ya meza ya kukatia nguo, naisogeza kila nikitaka kutandaza kitambaa.

Mama Pacha angefanya, lakini ana wawili wa kubeba tayari. Mama mdogo nitapiga kelele na asisikie.

Sikuombi kitu. Nakueleza tu hali ilivyo.

Leo nimekutumia kifurushi kwa posta, suruali yako ya mwaka huu, kijivu, kwa vipimo vyako vya siku zote. Kama umenenepa sema. Wifi hajambo?

Dada yako


20 Mei

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilibana. Mimi ni mzima. Hapa joto limepungua kidogo.

Suruali imenifika, ahsante sana. Imenikaa kama nilipimwa jana. Nimeivaa Jumapili na watu wameniuliza fundi wangu ni nani, nikawaambia hawamwezi.

Kuhusu lile jambo, mimi bado nasema ungoje. Jaribu sindano nyingine. Kuna na bandeji za mpira za kuvaa gotini, uliza duka la dawa. Ungepunguza pia mwili kidogo, si kwa ubaya. Watu wengi wanaishi na goti bovu miaka na miaka. Goti la bandia si mchezo, dada. Watu wanaona mlango wa kuingilia tu.

Bafu bado zinaendelea. Wasalimie wote.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Leo salamu ni fupi. Wote wazima.

Jumamosi alikuja mama mmoja kuchukua sare ya mwanawe wa darasa la pili. Nikamkabidhi kifurushi chake nilichokuwa nimekifunga tangu Aprili. Amekifungua mbele yangu. Ndani kuna suruali ya kijivu ya mtu mzima, kiuno cha thelathini na sita. Yule mama akaniuliza kama mwanawe ahamie ndani yake.

Siku ile goti lilikuwa linaniua, nikafunga vifurushi viwili kwa karatasi za aina moja na kuvichanganya. Miaka thelathini na moja, sijawahi. Maana yake ni kwamba kilichokuja kwako ni kaptura ya mtoto wa miaka minane. Na wewe umeniandikia imekukaa kama ulipimwa jana, na umeivaa Jumapili, na watu wamekusifu.

Nimecheka, sikufichi. Nimecheka mpaka nikashika meza. Halafu nikakaa nikatoa barua zako zote za mwaka huu na uliopita, nikazisoma kama ninavyokagua mshono, upande wa ndani.

Hukufungua kifurushi. Labda hata hukukichukua posta. Kwa nini? Na ulijuaje kwamba vidonge vitanichoma siku ya nne au ya tano, na kwamba vinachoma hapo hapo chini ya kifua? Nani alikufundisha bakora inashikwa mkono gani? Wifi nimemwuliza hali barua baada ya barua tangu mwaka juzi, na kila mara unanijibu habari za hewa. Na mwaka juzi huo ulikaa miezi minne bila kuniandikia. Nilikutukana kwa barua tatu, ukaja kunijibu eti ulihama nyumba.

Mficha maradhi kifo humwumbua, na mimi sitaki kuambiwa habari zako na kifo. Niandikie yaliyo kweli. Nikipata tena barua ya bafu sitaifungua.

Dada yako


1 Julai

Dada,

Nimeandika barua hii mara tano. Nne nimezichana.

Hakuna jengo la ghorofa sita. Lipo, lakini si mimi niliye ndani. Mimi nakaa dukani kwa mtu anayeuza vigae, kwenye kiti kirefu karibu na mlango, nawaambia wateja gundi ipi inafaa wapi. Ni kazi nzuri. Nakaa.

Wifi yako aliondoka miaka mitatu sasa. Hakuna ubaya aliofanya. Alichoka kuishi na mtu anayesema hana neno huku anaumwa. Sikukwambia kwa sababu ulimpenda, na kwa sababu ungeniuliza kosa ni la nani.

Goti langu la kushoto lilianza kufa nikiwa bado natandaza vigae. Nilimeza vidonge miaka minne, ndiyo maana nakijua kiungulia chake kwa jina. Nilidungwa sindano tatu. Mwaka juzi nikapasuliwa, nikawekewa goti la bandia. Hiyo ndiyo miezi minne.

Na mimi walinipa fomu, dada. Huku nako wanataka jina la mtu wa wiki sita. Niliandika jina lako. Sikukwambia, kwa sababu ningekwambia ungefunga cherehani ukaja, na ulikuwa katikati ya msimu wa sare, na hata hivyo mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na moja, nilidhani mguu ni mguu. Siku ya kwanza muuguzi akaniuliza, dada yako yuko wapi? Nikasema yuko njiani. Siku ya pili nikasema yuko njiani. Nilikuwa naona haya zaidi ya nilivyoumwa. Siku ya tano akaacha kuuliza, akawa ananiletea chai ya ziada.

Daktari alifanya kazi yake safi. Nataka ujue hilo kabla ya yote. Goti halikuharibiwa na mkono wake. Liliharibiwa na chumba changu. Baada ya kutoka, goti lazima likunjwe kila siku, na linauma kuliko kabla ya kupasuliwa, na mtu peke yake hajikunji. Mtu peke yake anasema kesho. Mimi nililinyoosha juu ya stuli, kwa kuwa likinyooka haliumi, nikalitazama tu. Likaganda hivyo. Maumivu ya zamani yamekwisha kabisa, nalala usiku kucha. Ila halikunjiki zaidi ya mlango uliofunguliwa kidogo. Siwezi kupiga goti tena. Posta ya hapa ina ngazi mbele na mlango mmoja tu. Walinipa hati ya kifurushi chako, nikaiweka chini ya redio, nikaona bora nikushukuru kabla hujauliza.

Nilipokuandikia usikimbilie kisu, sikuwa nakuogopea kisu. Nilikuogopea hizo wiki sita. Ukipata mtu, fanya kesho. Usipopata, usifanye.

Najua mstari ulionieleza ulikuwa unaniomba nini, ingawa ulisema huombi. Siwezi kuja. Safari ya basi ni siku mbili na mguu wangu haukai kwenye nafasi ya kiti. Halafu nitafika nikute ngazi ishirini na sita. Halafu utanifungulia mlango na kuniona ninavyotembea. Hilo la mwisho ndilo zito.

Mdogo wako


13 Julai

Kitindamimba,

Nimekaa na barua yako siku tatu nikiwa na hasira. Mama Pacha aliniona akawazuia pacha wasije juu.

Kwanza, wifi. Pole. Sikuulizi kosa ni la nani, nimelisoma.

Pili. Uliandika jina langu. Yaani kuna hospitali huko, yenye wauguzi na vitanda, inayonijua mimi kama yule dada aliyekuwa njiani asifike. Wananijua hivyo mpaka leo. Mimi ningekuja, mdogo wangu. Nilikuwa na miguu miwili wakati ule. Ningekuja na sare za watu zikiwa nusu, ningelala sakafuni pako, ningelikunja goti hilo ukilia na kunitukana. Ulininyima. Umesema hukutaka kunisumbua, lakini kwa miezi minne ile mimi nililala nikidhani umenichoka, na hilo nalo ni usumbufu.

Hiyo ndiyo hasira yangu yote, imekwisha. Nimelia pia, tuyaandike yote.

Tatu. Unasema huwezi kuja kwa sababu mguu haukunjiki. Nani amekuomba ukunje wako? Nataka ukunje wangu. Kazi yenyewe ni ya kukaa kwenye kiti kando ya kitanda, mikono iwe na nguvu, na mdomo usiwe na huruma. Kubebwa sihitaji, hospitali wanakupa magongo. Nahitaji mtu ambaye nikisema kesho, atasema leo. Mama Pacha anaweza kulisha, anaweza kufua, lakini ananionea huruma, na huruma ndiyo iliyokugandisha wewe. Katika ukoo wetu wote hakuna mwingine anayejua jinsi kesho inavyoanza.

Ngazi zisikutie hofu. Mama Pacha amenipa chumba chake cha mbele cha chini kwa wiki hizo, na cha nyuma atalala kaka mtu, yaani wewe. Yeye na watoto watapanda kwangu. Hakuna ngazi hata moja. Kuhusu kukuona unavyotembea, na mimi utaniona ninavyotembea. Tutatazamana tuchoke.

Jana nimepeleka fomu. Mstari nimeujaza. Karani amesoma jina, akatazama benchi nilipokaa, hakuona mtu, akauliza, huyu kaka yako yuko wapi? Nikamwambia yuko njiani.

Umeona? Na mimi nimesema. Ila wewe hukunijulisha, na mimi nakujulisha. Siku ya kupasuliwa waliyoniandikia ni tarehe kumi na nane Agosti.

Dada yako


26 Julai

Dada,

Mimi ni mzima. Habari hii ni ya kweli, unaweza kuikagua mshono.

Mwenye duka wa jirani amekwenda kituoni kwa ajili yangu. Kuna kiti kimoja nyuma ya mlango wa mbele wa basi, hakina kiti mbele yake, mguu unanyooka mpaka kwenye ngazi ya dereva. Kondakta amekubali, ila kila kituo nitashuka nisimame. Ni la tarehe tisa Agosti. Kazini nimeaga. Tajiri wa vigae ameniambia nafasi yangu ataiweka, nikamwambia asiiweke.

Nimekaa leo nikitazama chumba hiki. Nimeishi humu miaka miwili na nusu na sijui kama kuna aliyewahi kukaa kwenye kiti cha pili. Kiti hicho nimempa mwenye duka.

Naogopa, dada. Si safari. Naogopa utakapoanza kupiga kelele na mimi nikakumbuka zangu. Lakini nitakukunja.

Barua hii itanitangulia kwa siku chache. Usiijibu. Huku hakuna tena mtu wa kuipokea.

Mdogo wako